Kule si Wakristo tayari? Wanandoa wanaopanda makanisa katika nchi za Kikatoliki

Swali hilo niliulizwa na mama jirani yangu hapa Igombe, Mwanza, jioni, akipembua dagaa kwenye ungo. Jumapili ile kanisani kwetu tulikuwa tumewawekea mikono mume na mke, vijana tuliowalea wenyewe, tukiwatuma Burundi wakapande kanisa. Habari zilikuwa zimemfikia kabla sijavua viatu.

"Mwanangu," akasema, "Burundi si Wakatoliki watupu? Kule si Wakristo tayari? Sasa mnakwenda kuwahubiria nini?"

Sikuwa na jibu fupi, na ningemjibu haraka ningemkosea. Yeye ni Mkatoliki, bibi yake alibatizwa katika misheni ya Bukumbi. Mimi nimelelewa AIC (Africa Inland Church), kanisa la Kiprotestanti. Tumezikiana, tumelishana, tumelea watoto pamoja kwa miaka mingi. Swali lake linastahili kufunguliwa polepole, maana ndani yake kuna maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: kwa nini kwenda mahali palipokwisha kubatizwa, kwa nini waende wawili waliooana, na nani anaumia wanapofika.

Tuanze na neno lenyewe. Kupanda kanisa si kujenga jengo. Kwetu Waprotestanti maana yake ni kukusanya watu wachache, mara nyingi sebuleni, wakasoma Biblia, wakaomba, wakabatizwa, wakachagua wazee wao, wakaanza kutoa sadaka na kujitegemea, mpaka siku moja aliyewaanzisha aondoke na wao wabaki wamesimama. Jengo huja baadaye, na pengine lisije. Mkatoliki hasemi hivyo. Kwake Kanisa ni moja na lipo tayari. Kinachofunguliwa ni kigango, kisha parokia, chini ya askofu ambaye jimbo lake lina mipaka inayojulikana. Kwa padri, kila kaya ndani ya mipaka hiyo ina mchungaji hata kama haijaonekana kanisani miaka kumi. Kwa mpanda kanisa, mtaa usio na kusanyiko la watu waliojitokeza wenyewe kumfuata Kristo ni shamba lisiloguswa. Wote wawili wanatazama mtaa uleule, na kila mmoja anaona kitu kingine.

Mama jirani si wa kwanza kuuliza. Mwaka 1910 Waprotestanti wa dunia walikutana Edinburgh, wajumbe wapatao 1,200, kupanga kazi ya umisheni. Amerika ya Kusini ikaachwa nje ya mipango yao, kwa sababu Waanglikana wengi hawakukubali kwamba watu waliokwisha kubatizwa na Kanisa Katoliki wahesabiwe pamoja na wasiomjua Kristo. Wamisionari waliokuwa wakifanya kazi huko waliumia sana. Walisema ubatizo wa mtoto mchanga na jina la mtakatifu havitoshi ikiwa mtu hajawahi kushika Biblia mkononi mwake. Mwaka 1916 wakafanya mkutano wao wenyewe Panama. Hoja hizo mbili za 1910 ndizo zinazosikika hadi leo kwenye vikao vyetu vya wazee, pengine kwa maneno yaleyale.

Ziwa letu, Victoria, linaujua ugomvi huu kwa damu. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, na White Fathers, mapadri wa Kikatoliki, mwaka 1879. Mutesa akajikuta na wazungu wa aina mbili, wote wakimtaja Yesu, kila upande ukimwambia kuwa upande wa pili una kasoro. Wafuasi wao wakaanza kuitwa Wangereza na Wafransa, kana kwamba imani ni uraia. Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana kwa bunduki Mengo, makao ya Kabaka. Wakatoliki wakashindwa, na baadhi ya mapadri waliokimbia wakashuka hadi upande wa Bukoba, wakafungua misheni ya Kashozi mwaka huohuo.

Lakini kabla ya Mengo kuna jambo jingine ambalo huwa nawasimulia vijana wetu. Mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa Buganda, Wakatoliki kwa Waprotestanti. White Fathers walikuwa wamekwisha kuwa na misheni Bukumbi, na Waprotestanti walikuwa na kituo chao Usambiro, kusini mwa ziwa. Wakaondoka kwa mashua moja, Eleanor, mali ya CMS: mapadri wa Kikatoliki pamoja na Gordon na Walker wa CMS. Njiani kiboko akaitoboa mashua, ikazama, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakafa maji. Walionusurika waliifanyia matengenezo wakaendelea na safari ya kusini. Anayelijua ziwa hili anajua maana ya kuchota maji kwenye mashua inayovuja bega kwa bega na mtu uliyekuwa unabishana naye jana. Walipofika nchi kavu kila mmoja alirudi kwenye dhehebu lake. Hata hivyo safari ile ilitokea, na ilitokea huku kwetu.

Baadaye pwani ya ziwa ikagawanyika kama viraka. Waprotestanti waliachiana maeneo: Usukuma ukawa wa AIM (Africa Inland Mission), ambayo ndiyo iliyozaa AIC, Bukoba wakaja Walutheri, upande wa Mara Wamennonite na Wasabato. Wakatoliki hawakuhusika na mapatano hayo, wakajenga walikoweza, kuanzia Bukumbi hadi Kagunguli kule Ukerewe. Shule na zahanati zilikuwa za misheni, kwa hiyo ukijua mtu amesoma wapi, uliweza kukisia dhehebu lake. Serikali ilipotaifisha shule mwishoni mwa miaka ya 1960, kamba hiyo ililegea. Kilichobaki ni swali tunaloulizana kila siku Mwanza tukikutana na mgeni: "Unasali wapi?" Hatuulizi kama anasali.

Sasa, kwa nini mume na mke?

Watu wengi hudhani Waprotestanti walikuja ziwani na wake zao tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Alexander Mackay, fundi wa Scotland aliyefanya kazi Buganda miaka mingi, alikufa Usambiro Februari 1890 bila kuoa. Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba 1877. CMS haikupeleka wanawake Uganda hadi mwaka 1895. Mwafrika wa ziwani aliyewatazama wale wa kwanza aliona wanaume wasio na wake pande zote mbili, Wakatoliki na Waprotestanti, na kwa mila zetu mwanamume mzima asiye na mke ni mtu ambaye hajakamilika bado. Mambo yalibadilika polepole. CMS ilipokabidhi kituo chake cha Nassa, Usukuma, kwa AIM mwaka 1909, waliofika kukishika walikuwa Emil Sywulka na mkewe. Shirati, upande wa Mara, mwaka 1934, Wamennonite walianza na wanandoa, miongoni mwao Elam na Elizabeth Stauffer.

Mzizi wake ni wa zamani zaidi. Martin Luther, aliyekuwa mtawa, alimwoa Katharina von Bora, naye mtawa wa zamani, mwaka 1525. Tangu hapo nyumba ya mchungaji ikawa sehemu ya mahubiri. Padri wa Kilatini anatoa useja wake kama ishara kwamba ni wa wote, na mimi naiheshimu ishara hiyo. Nimeona mapadri waliokesha na wagonjwa wetu kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuwa. Ishara ya mchungaji ni nyingine. Watu wanaona anavyoongea na mkewe ugali ukiungua. Wanaona mtoto wake anavyorudiwa. Na mkewe anaingia jikoni kwa wanawake wenzake, mahali ambapo mwanamume mgeni, padri au mchungaji, hawezi kukaa akaongea. Biblia yenyewe ina Akila na Priska, mume na mke washona mahema, ambao Paulo analisalimia kanisa lililomo katika nyumba yao.

Hilo lingetosha kueleza Usukuma. Haliwezi kueleza kwa nini wanandoa walihitajika zaidi katika nchi ambazo Ukatoliki ulikuwa dini ya dola. Kwa hilo inabidi tuvuke bahari, twende Brazil, kwa sababu huko jambo lilionekana waziwazi kuliko mahali pengine.

Robert Kalley alikuwa daktari wa Scotland. Mwaka 1838 alifika Madeira, kisiwa cha Wareno, kwa ajili ya afya ya mkewe Margaret. Akawatibu maskini bure, akaanzisha shule za kusoma, na watu walipojua kusoma wakaifungua Biblia. Mwaka 1843 akatiwa jela. Agosti 1846 umati ulivamia nyumba yake, naye akatoroshwa amelazwa kwenye machela, amevalishwa kama bibi mgonjwa, mpaka melini. Wafuasi wake wapatao 2,000 waliihama Madeira. Wengi wakaenda Trinidad, na baadhi baadaye wakafika Illinois, Marekani.

Margaret alifariki mwaka 1851. Kalley akamwoa Sarah Poulton Wilson, na mwaka 1855 wawili hao wakashuka Rio de Janeiro. Katiba ya Brazil ya 1824 iliutambua Ukatoliki kuwa dini ya dola. Dini nyingine ziliruhusiwa kuabudu ndani ya nyumba tu, bila jengo kuonekana kama hekalu kwa nje. Hakuna mnara wala kengele. Kwa hiyo ibada ya sebuleni haikuwa mtindo waliouchagua, ndivyo sheria ilivyotaka. Na nani anatawala sebule? Tarehe 19 Agosti 1855, katika mji wa Petrópolis, Sarah aliketi na watoto watano akawasimulia habari za Yona. Hiyo ndiyo inayokumbukwa kama shule ya Jumapili ya kwanza iliyodumu Brazil. Miaka mitatu baadaye Kalley akambatiza Mbrazili Pedro Nolasco de Andrade, na kanisa lao, Igreja Evangélica Fluminense, likaanza. Mwaka 1861 kikatoka kitabu cha nyimbo, Salmos e Hinos, ambacho mkono wa Sarah ulikuwa mkubwa ndani yake.

Ugumu wa Brazil haukuwa katika mahubiri. Kanisa Katoliki ndilo lililokuwa daftari la serikali. Ukizaliwa, jina lako liliandikwa parokiani. Ukioa, ndoa yako ilikuwa ndoa kwa sababu padri aliifunga. Ukifa, makaburi yalikuwa chini ya Kanisa. Mtu aliyejitoa humo hakubadilisha mahali pa kusali tu. Alijifuta kwenye daftari. Mbrazili aliyefunga ndoa mbele ya mchungaji, machoni pa sheria alikuwa anaishi na mwanamke asiye mkewe, na watoto wao walihesabiwa wa nje ya ndoa. Sheria ya Septemba 1861 ndiyo iliyoanza kuzitambua ndoa za wasio Wakatoliki, na Kalley alikuwa miongoni mwa waliopigania haki hizo. Dini na dola vilitenganishwa Januari 1890.

Hapo ndipo mume na mke wanapopata uzito wao. Mhubiri mmoja angeweza kumwambia mtu aache mazoea ya wazazi wake. Lakini mtu huyo angeuliza: nikishaacha, mtoto wangu atapokelewaje duniani, binti yangu ataolewaje, mama yangu atazikwa na nani? Mhubiri peke yake hana jibu la kuonyesha. Familia inalo. Wanazaa mbele ya watu, wanaugua mbele ya watu, wanamzika mtoto wao mbele ya watu, na jirani anaona kwamba nje ya daftari lile bado kuna maisha yenye heshima. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya mbinu za kupanda makanisa, na naamini nyingi zinapita pembeni ya jambo hili.

Wengi waliingia Uprotestanti. Sensa ya Brazil ya 1970 ilikuta Wakatoliki wakiwa karibu 92 kwa kila watu 100. Ya 2022 iliwakuta wakiwa 56.7, na Waprotestanti pamoja na Wapentekoste 26.9. Sisi hatuwezi kujipima hivyo, maana tangu sensa ya 1967 Watanzania hatujaulizwa dini.

Kuna gharama ambayo hutajwa kwa aibu, na inabebwa na mke. Frida Vingren, Mswidi, alifika Brazil mwaka 1917 akaolewa na Gunnar Vingren, mmoja wa waanzilishi wa Assemblies of God nchini humo. Alihubiri, alitunga na kutafsiri nyimbo, aliandika katika gazeti la kanisa, na mumewe alipougua alisimama mahali pake. Mwaka 1930 viongozi walikutana Natal wakaweka mipaka juu ya huduma ya wanawake, naye akiwa ndiye mfano uliokuwa mezani. Wakarudi Uswidi mwaka 1932. Gunnar akafa mwaka uliofuata, Frida mwaka 1940. Kanisa alilolijenga likawa moja ya makubwa kuliko yote duniani.

Sisi tunamwita "mama mchungaji". Ni jina la heshima, lakini mara nyingi halina hata shilingi moja ndani yake. Anapika msibani, anafundisha watoto, anasuluhisha ndoa za watu, anapokea wageni usiku wa manane, na kwenye bajeti ya kanisa hayupo. Barua ya utume ya vijana wetu iliposomwa kwenye kikao, ilimtaja mume kwa jina lake kamili, kisha "pamoja na familia". Nilinyoosha mkono nikaomba jina la dada, yule mke, lisomwe. Kukawa kimya. Mzee mmoja akasema ndivyo barua zinavyoandikwa siku zote. Katibu, namshukuru mpaka leo, akachukua kalamu akaliandika palepale juu ya mstari, wino wa rangi nyingine. Barua ikapigwa muhuri hivyohivyo.

Nirudi kwa anayeumia. Watu wa nje hufikiri Mkatoliki anakwazwa na yanayosemwa juu ya Bikira Maria, au rozari, au picha za watakatifu. Hayo yanabishaniwa, ni kweli. Lakini kidonda hasa ni maji. Kanisa Katoliki linaukubali ubatizo wa Walutheri na Waanglikana uliofanyika kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 ulituita sisi ndugu waliotengana. Nao Walutheri na Waanglikana hawambatizi tena anayetoka Ukatoliki. Sisi wa ubatizo wa maji mengi, AIC, Wabaptisti, Wapentekoste, tunaamini ubatizo hufuata imani ya mtu mwenyewe, kwa hiyo tukimzamisha mtu mzima hatusemi tumembatiza mara ya pili. Kwetu ndiyo mara ya kwanza. Kwa ndugu zake maana yake ni kwamba ile ya utotoni tumeiita si kitu.

Nililiona hilo kwenye msiba wa mjomba wangu, Misungwi. Alizaliwa Mkatoliki, akaokoka akiwa mtu mzima, akazamishwa ziwani. Alipofariki, akina mama wa jumuiya ndogo ndogo walikuwa wamekwisha kuinjika vyungu kabla mchungaji hajafika. Kwaya mbili zikasimama, moja mwembeni, nyingine kwenye turubai, kila moja ikingoja nyingine inyamaze. Watu walinong'onezana nani ashike kipaza sauti. Bibi, mama wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akamwita mchungaji, akamuuliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Nilimpeleka mwenyewe mikononi mwangu kwa padri. Yale yalikuwa maji tu?"

Mchungaji hakumjibu kwa aya. Alipiga magoti kwenye mkeka akamwambia, "Mama, wewe ulimpeleka kwa Mungu. Aliyempokea ni yuleyule." Sijui kama hilo lingepita kwenye mtihani wa chuo cha Biblia. Najua kwamba baada ya hapo kwaya ya Kikatoliki iliimba ya kwanza, ya kwetu ikafuata, na jeneza lilibebwa na vijana wa pande zote mbili.

Ndiyo maana naamini tunapaswa kwenda, na naamini namna ya kwenda ni nusu ya Injili yenyewe. Yupo Mkatoliki wa jina Burundi kama alivyopo AIC wa jina Mwanza, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsomea Neno akaelewa, na ana haki ya kulisikia. Lakini anayemwambia kwamba bibi yake aliyemfundisha Baba Yetu alikuwa gizani anabomoa mlango ambao angepitia. Burundi White Fathers wapo tangu karne ya 19, na Wapentekoste wa Uswidi tangu miaka ya 1930. Vijana wetu hawaendi kuanza historia. Wanaikuta.

Juu ya pesa nisirefushe. Padri ana jimbo lake au shirika lake nyuma yake. Mume na mke wanategemea ahadi za washirika, na ahadi hupungua mvua zikikataa. Mtoto akianza shule ndipo wengi hurudi. Kwa hiyo tuliamua waende na kazi mkononi. Dada ni fundi wa kushona. Siku moja kabla ya safari nilimkuta ameketi chini, anafunga kichwa cha cherehani kwa kanga mbili, anakaza kamba kwa meno. Miguu ya chuma walikuwa wameiuza. Wangenunua mingine wakifika.

Asubuhi tulikwenda kuwasindikiza stendi ya Nyegezi. Mama jirani akaja pia, hatukumtegemea. Alikuwa na kiroba cha dagaa aliowapembua mwenyewe, wasio na mchanga, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na namba ya simu ya binti wa dada yake, ameolewa Bujumbura, anaimba kwaya parokiani kwao.

"Mpigieni mkishafika," akamwambia dada. "Atawaonyesha soko lenye vitambaa vya bei nafuu. Mwambieni ni mimi nimewatuma."

Dada akaifungua Biblia yake, akaiweka karatasi ile pamoja na barua ya utume, akapanda basi.